Bunduki ya Kitako Kifupi

Mume wangu alipofariki, bunduki yake ilipelekwa kituo cha polisi kabla hata matanga hayajaisha. Hilo halikuniudhi, maana ndiyo sheria: mwenye leseni akifa, silaha inahifadhiwa mpaka warithi waelewane. Kilichoniudhi ni kwamba warithi walielewana bila mimi. Ukoo ulikaa uwanjani kwangu, ukanywa pombe ya mbege niliyoipika mwenyewe, ukaamua kwamba bunduki ishikwe na shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Mimi nilikuwa jikoni nawapakulia. Habari niliipata kwa wifi yangu aliyekuja kuchukua sahani.

Sikubisha. Nilikuwa mjane mpya mwenye watoto wa shule, mwalimu wa darasa la tatu huku Kirua Vunjo, na katika maisha yangu sikuwa nimepiga risasi hata moja. Lakini bunduki ile niliijua vizuri kuliko shemeji. Kila Jumapili baada ya misa marehemu aliifungua juu ya meza ya kulia chakula, akasukuma ufito wenye kitambaa ndani ya mitutu, na mimi nikapangusa chuma na mbao kwa mafuta. Kitako kilipopasuka pale shingoni, mimi ndiye niliyekibana kwa mikono miwili wakati yeye akikizungushia waya wa shaba, akinikaripia nisitikisike. Ilikuwa bunduki ya marisau, yaani ya risasi za punjepunje, ya mitutu miwili iliyolala sambamba. Aliitumia kwa jambo moja tu, kufukuza wanyama shambani.

Sisi watu wa mlimani tuna kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, na wengi wetu tuna kipande kingine chini tambarare kwa ajili ya mahindi na maharage. Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameingia, kila mmoja na mizani yake, na bei ilikuwa inapanda asubuhi na kushuka jioni. Kwa hiyo mimi ada za watoto nilizitegemea huko chini, kwenye mahindi. Msimu wa kwanza baada ya msiba, nguruwe pori waliingia.

Mtu ambaye hajaona shamba lililoingiwa na nguruwe pori anadhani wanakula mahindi. Wangekula tu nisingelalamika sana. Wanaangusha mstari mzima, wanang'ata hindi moja hapa, moja pale, wanageuza ardhi kama imelimwa na mlevi, halafu wanaondoka. Nilisimama katikati ya mabua yaliyolala, nikawa najiuliza nianze kuokota wapi.

Nilipanda kwa shemeji siku hiyohiyo.

"Shemeji, njoo na bunduki ushinde kule chini hata siku mbili. Wakisikia mlio watahama."

"Bunduki bado iko kituoni," alisema. "Mambo ya leseni yana mlolongo mrefu. Wewe weka matambara kwenye miti, yatawatisha."

Niliweka matambara. Nguruwe waliyatembelea. Msimu wa pili nikamwendea tena, akaniambia maneno yaleyale, na mabua yakalala vilevile. Nikakata shauri kununua bunduki yangu mwenyewe, iliyotumika, ya bei ninayoiweza. Nilikuwa na ng'ombe dume wa kuuza.

Ili kuomba leseni ilibidi nianzie kwenye kamati ya kijiji. Niliingia nikiwa nimevaa suti yangu ya mahafali ya shule. Wajumbe wote walikuwa wanaume, na wawili kati yao nilikuwa nimewafundishia watoto kusoma. Nikaeleza habari ya nguruwe. Kila mtu aliijua. Hata wao walikuwa wanaliwa.

"Sawa, Mwalimu," alisema mwenyekiti. "Sasa mpigaji atakuwa nani?"

"Mimi."

Wakaangaliana. Mmoja akakohoa kicheko.

"Na ukiolewa tena? Bunduki itakwenda ukoo gani?"

"Itakwenda ninakokwenda mimi, kama jembe langu."

"Jembe haliui mtu, Mwalimu."

Nilimwambia ninajua watu waliouawa kwa jembe, na yeye pia anawajua. Hapo kicheko kiliisha. Walinipitisha, lakini mwenyekiti alihakikisha nimesikia akisema kwamba wananipitisha kwa sababu ya nguruwe, si kwa sababu yangu. Mpaka leo nikikumbuka sauti ile ninahisi joto masikioni. Hakuna mwanaume aliyewahi kupitishwa na kamati ile kwa sababu ya uzuri wake. Wote walipitishwa kwa sababu ya nguruwe.

Dereva mmoja aliyewahi kufanya kazi na marehemu aliniambia kuna mfanyabiashara wa nafaka pale Himo anauza bunduki ya marisau. Miaka ile Himo ilikuwa imechangamka kweli. Malori ya mahindi yalipanga foleni kuelekea mpakani, mitumba imening'inia kila mahali, na wenye fedha mpya walikuwa wanabadilisha kila kitu walichonacho. Yule bwana alikuwa amepata bastola, kwa hiyo bunduki ndefu hakuihitaji tena. Alinikaribisha ghalani, akaniuliza mume wangu atakuja saa ngapi. Nilipomwambia mnunuzi ni mimi, alitabasamu kama mtu anayemhudumia mtoto aliyetumwa dukani.

Akaileta imefungwa kwenye gunia. Kabla hajamaliza kulifungua niliona waya wa shaba.

Nilinyoosha mkono akanipa, na kidole gumba changu kikaenda chenyewe pale kwenye mzunguko wa mwisho wa waya, ambapo marehemu aliupinda kwa koleo na kuacha ncha iliyokuwa inachoma kidogo.

"Hiyo ni mali safi," alisema. "Imetunzwa na wanaume. Haijawahi kuguswa na mwanamke."

Nikaifungua. Alishangaa kuona najua kuifungua. Nikainua mitutu kuelekea mlangoni kwenye mwanga, nikachungulia. Mitutu ambayo mimi na marehemu tuliiacha iking'aa ndani kama kijiko ilikuwa imeota kutu, na kutu ilikuwa imeshachimba vishimo. Nikaifunga, nikaitikisa taratibu. Ikacheza pale kwenye bawaba, chuma kikigonga chuma. Hayo yote yalikuwa ya baada yetu. Mtu alikuwa ameipiga, akaitupa bila kuisafisha, na masizi ya baruti ndani, mvua ikamalizia.

"Umeinunua kwa nani?" nilimuuliza.

Akanitajia jina la shemeji yangu bila wasiwasi wowote, maana kwake lilikuwa jina la kuthibitisha kwamba biashara ilikuwa halali. Akaongeza kwamba makaratasi yote yako sawa na walikwenda kituoni pamoja. Nikamuuliza ni lini. Ilikuwa kabla ya mavuno ya kwanza. Wakati shemeji ananiambia bunduki iko kituoni na niweke matambara, bunduki ilikuwa Himo kwenye gunia la mahindi.

"Sasa, Mama, unachukua?"

"Hii ilikuwa yangu," nilimwambia. "Na sasa imeharibika. Siwezi kuinunua mara ya pili ikiwa mbovu."

Alikunja gunia lake akasema wanawake wana mambo mengi.

Kutoka Himo kwenda nyumbani kuna kupanda, na mimi nilipanda bila kuona njia. Shemeji nilimkuta kihambani anaondoa majani makavu ya migomba. Sikumwamkia.

"Bunduki nimeiona," nilisema.

Akaendelea kukata jani lile mpaka likaanguka. Halafu akasema, "Ile ilikuwa mali ya ukoo."

"Ukoo uliinunua lini? Mimi nilikuwepo inanunuliwa. Tulikunywa chai bila sukari mwaka mzima kwa ajili yake."

"Shemeji, kaburi la ndugu yangu unadhani lilisakafiwa kwa fedha gani? Vile vigae unavyoviona vilitoka wapi?"

Hilo sikulijua. Kaburi la mume wangu liko nyuma ya nyumba, chini ya migomba, na shemeji alikuwa amelijengea vizuri, vigae vyeupe na vya bluu, mpaka watu waliokuja kwenye misa ya kumbukumbu wakamsifu kwa jinsi alivyomheshimu kaka yake. Mimi mwenyewe nilimshukuru mbele ya watu. Nililipita kaburi lile kila asubuhi nikienda kukata majani ya ng'ombe.

"Ungeniuliza," nilisema.

"Ningekuuliza ungesema nini?"

"Ningesema marehemu hahitaji vigae. Watoto wake wanahitaji mahindi."

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyetoa hesabu ikakubali. Nimesikia maneno mengi mabaya maishani, lakini machache yameniingia kama yale. Kama angezificha fedha mfukoni ningemwita mwizi na mambo yangekwisha. Yeye aliichukua bunduki ya kulinda chakula chetu akaigeuza kuwa sifa yake, akaiweka nyuma ya nyumba yangu nisipate hata pa kuikwepa. Na nilijua nikifungua mdomo mbele ya ukoo, mimi ndiye nitakayeonekana mke anayemwonea mumewe choyo hata kaburini.

Fedha za ng'ombe nilikuwa nazo bado. Mwezi uliofuata nilishuka Moshi mjini kununua misumari na mbao za madawati ya shule, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la familia ya Kisikh. Kijana mwenye duka tulizoeana. Aliniuliza mbona nimekonda, nami nikajikuta namweleza habari ya nguruwe. Habari ya shemeji sikuigusa.

"Mama yangu anayo bunduki anauza," alisema. "Lakini wanaume wote wanaokuja kuiona wanaikataa."

"Mbovu?"

"Hapana. Fupi."

Alinielekeza nyumbani. Mama yake alikuwa mzee wa nywele nyeupe zilizofungwa kisogoni, mdogo wa umbo, mwenye kutembelea fimbo. Mumewe alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Nilimwamkia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa nguruwe? Kaa."

Bunduki ilikuwa juu ya meza, kwenye kitambaa safi. Nilidhani ilikuwa ya marehemu mumewe, nikampa pole. Akanikatiza.

"Ya kwake niliigawa. Hii ni yangu. Nilikuwa napiga kanga wa porini huku chini zamani, na magoti yalipokataa nikaacha. Mume wangu alikata kitako ili kinifae. Sasa kila mwanaume anayekuja anaiweka begani, pua inagonga kidole chake, anasema bunduki hii ni ya mtoto. Wanataka niwape bure. Simpi mtu bure kwa sababu ana mikono mirefu."

Nilipenda hasira yake. Ilikuwa imezeeka lakini haikupoa.

"Usiiangalie kama unaangalia kitambaa," aliniambia. "Ifungue. Hakikisha ni tupu, kwa macho na kwa kidole, hata kama mimi nimekuambia ni tupu. Hata kama padri amekuambia."

Nilihakikisha. Nikachungulia mitutu kuelekea dirishani. Ilikuwa inang'aa, miduara ya mwanga imepangana ndani bila doa. Akaniambia nipitishe vidole nje, taratibu, nitafute kama kuna mahali pamebonyea. Akaniambia niifunge na kuitikisa. Haikucheza. Akanipa maganda mawili ya risasi zilizokwisha kutumika, nikayaweka ndani, nikavuta kifyatulio kimoja kisha kingine, nikasikia kila kimoja kikigonga sawasawa. Akaniambia nijaribu kuvuta huku kizuizi cha usalama kimefungwa. Hakikuvutika.

"Sasa funga macho. Iweke begani. Fungua macho. Unaona nini?"

Nilifungua macho. Mitutu ilikuwa imelala mbele yangu, na ile punje ndogo ya shaba mwishoni ilikuwa palepale jicho lilipoangalia. Sikulazimika kuinyoosha shingo wala kuukunja mkono. Ilinikaa kama gauni lililokatwa na fundi anayenijua.

"Naona mbele," nilisema.

"Basi hiyo ni yako."

Bei aliyoitaja ilikuwa ndani ya uwezo wangu. Nilimuuliza kwa nini hataki zaidi, akasema amechoka kuwasikiliza wanaume wakimwambia kasoro ya kitu kisicho na kasoro.

Kuhamisha leseni ilibidi twende ofisini wote wawili. Mwanawe alitupeleka kwa gari akarudi dukani. Tulikaa kwenye benchi asubuhi nzima huku waliokuja baada yetu wakiingia na kutoka. Hatimaye afisa kijana akatuita.

"Mwenye bunduki yuko wapi?"

"Mimi hapa," alisema mama yule.

"Na mnunuzi?"

"Mimi," nilisema.

Akaweka kalamu chini. "Mngekuja na waume zenu, ingekuwa rahisi kuelewana."

"Wote wamekufa," alisema mama yule. "Ukitaka tutangoja wafufuke. Lakini mimi nina miaka mingi, sijui kama nitafika."

Kijana alitazama karatasi zangu kutoka kijijini, akazitazama tena, akatafuta kosa. Aliniuliza kama naweza kubeba uzito wa bunduki. Nikamuuliza kama amewahi kubeba ndizi kutoka shambani mpaka sokoni kichwani, na mtoto mgongoni. Ilibidi turudi mara kadhaa, na kila nilipoenda nilikuta kuna muhuri mwingine uliosahaulika. Wanaume niliokaa nao benchi lile walikuwa wanaondoka na leseni zao. Mama yule alikuja kila mara, na fimbo yake, ingawa angeweza kumtuma mwanawe. Alisema anataka waone uso wake mpaka wachoke. Nadhani ndicho kilichotokea. Siku moja walichoka wakaipitisha.

Kupiga alinifundisha yeye, kwenye shamba la jamaa yake huko tambarare, amekaa kwenye kiti kivulini mwa gari, mimi mbele yake na makopo matupu juu ya kichuguu. Risasi ya kwanza ilinirudisha nyuma nusura niketi chini, na bega likavimba. Kopo halikutikisika.

"Unaiogopa, kwa hiyo unaegemea nyuma," alisema. "Mguu wa kushoto mbele. Shavu kwenye mbao, usiliinue. Iminye kwenye bega, usiiache ikupige yenyewe. Na usitazame bunduki. Tazama kopo."

Nilipiga tena. Nililitazama kopo, na nikiri kwamba niliwaona pia mwenyekiti, na yule bwana wa Himo, na jani la mgomba likianguka taratibu. Kopo liliruka.

"Hivyo," alisema mama yule. "Lakini siku nyingine piga bila kukasirika. Utapiga vizuri zaidi."

Ushauri huo nilijitahidi kuufuata, na sijaufuata kikamilifu.

Msimu ule nilishuka shambani kila alfajiri kabla ya kwenda shule, maana nguruwe hupenda kuchelewa pembezoni wakati kunapambazuka. Nilimuua mmoja, baadaye mwingine, na waliobaki wakahama. Mahindi yangu yalisimama mpaka yakakauka. Watu walikuja kuyaangalia kama maonyesho. Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti alishukuru "vijana wetu wanaolinda mashamba", nikasimama nikasema mimi si kijana na si mwanaume, na risasi nimenunua mwenyewe. Watu walicheka. Sikuwa nimesema kwa kuchekesha.

Nguruwe waliohama kwangu walihamia kwa shemeji, ambaye kipande chake kilikuwa upande wa pili wa korongo. Alimtuma mkewe. Nikamwambia wifi yangu, "Mimi na wewe hatuna neno. Mwambie aje mwenyewe."

Zilipita siku. Mabua yake yakaendelea kulala. Halafu jioni moja akaja, akasimama uwanjani, kofia mkononi, akaliangalia kaburi kwa mbali badala ya kuniangalia mimi.

"Shemeji, wananimaliza."

"Umeweka matambara?"

Aliinamisha kichwa. Nilimwacha asimame hivyo kwa muda, na sioni aibu kusema kwamba nilifurahi. Halafu nikamwambia nitakwenda kesho alfajiri, kwa sababu na yeye ana watoto.

Nilikwenda. Dume kubwa lilitoka kwenye mahindi yake kukiwa na mwanga wa kutosha, likasimama likinipa ubavu, nikaliangusha kwa mtutu wa kwanza. Wanaume wakashuka na mapanga, wakachuna, wakagawana palepale. Mimi ilibidi niwahi kengele ya shule. Nilipotoka darasani mchana nikamkuta wifi yangu nyumbani na kipande cha shingo kwenye jani la mgomba, fungu ambalo hupewa jirani aliyepita njia.

"Nani kagawa?" nilimuuliza.

"Mume wangu. Amesema shamba ni lake."

Nikalikunja jani kama lilivyokuja, nikamrudishia. "Mwambie mimi sikupita njia. Mimi nilipiga."

Alikwenda, maskini, na nyama yake mkononi. Nilifua, nikasahihisha madaftari, nikajua nimeanzisha ugomvi mpya kabla wa zamani haujaisha. Jua lilipokuwa linazama shemeji akaja na paja zima begani, damu imemchuruzika kwenye shati. Alilitua kwenye meza ya jikoni. Hakuomba radhi, wala hakusema neno juu ya bunduki ile nyingine, na hajasema mpaka leo. Alisema tu, "Chumvi usiweke nyingi, ina mafuta mazuri," akaondoka.

Nilipika kwa ndizi. Watoto walikula wakashiba. Mimi pia nilikula, hasira yangu ikiwa palepale, na nyama ilikuwa tamu.